Kitenge cha Kubebea Ndege

Ukifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, ukauliza kwa Olga Zihindula, watu watakunja nyuso wakuulize Olga yupi. Uliza kwa Mama Lucie, na hata ambaye hukumuuliza atakuja kukuonyesha: pale njia ya kuingia sokoni, kwenye baraza lenye cherehani ya kukanyaga na sare za shule zilizotundikwa kwenye kamba. Mwenyewe utamkuta ameinama, miwani imeteremka mpaka ncha ya pua, anaimba. Hajui kushona akiwa kimya. Ukitaka kupimwa, subiri kwanza ubeti uishe, na usithubutu kukohoa ili akuone, maana atakuona na bado atakuacha pale pale umesimama.

Alizaliwa Bukavu, mtaa wa Kadutu, akasomea ualimu na kufundisha darasa la pili mpaka vita vilipomtoa. Alikuwa amekwisha kumzika mumewe, Zihindula. Aliingia Malawi na binti yake Lucie, mfuko mmoja wa nguo, na sauti ambayo hata mvua ya juu ya bati haiwezi kuizima. Ushonaji alijifunza hapa hapa kambini, kwa kuharibu nguo za watu wenye subira. Uimbaji hakuhitaji kujifunza. Alikuta kanisani kikundi cha watu wanaoimba kila mmoja na njia yake, akawapanga kama alivyokuwa akipanga wanafunzi, akawapa jina la Asubuhi Njema, na tangu siku hiyo anayechelewa mazoezi huimba amesimama mlangoni.

Sasa tuje kwenye kitenge.

Miaka tisa iliyopita jina la Lucie lilitoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa Australia. Alikuwa ameandikwa kwenye faili la shangazi yake, dada wa marehemu Zihindula; faili la Olga lilibaki likizunguka kwenye meza za watu, na mpaka leo linazunguka. Lucie alikuwa na miaka kumi na tisa, msichana mrefu, mcheshi, asiyeogopa mtu. Lakini ndege aliiogopa kuliko nyoka. Asubuhi ambayo basi lilikuja kuwachukua wasafiri kuwapeleka uwanja wa ndege wa Lilongwe, alikumbatia nguzo ya baraza la mama yake akagoma. Shangazi alibembeleza, mchungaji akaomba, dereva akapiga honi. Lucie hakuachia nguzo.

Ndipo Olga alipomwambia maneno ambayo sasa kambi nzima inayajua. "Mutoto wangu, hutakaa kule yulu hata dakika moja bila muntu anakuimbia. Siye tutakubeba mpaka ukanyage chini."

Lucie akaachia nguzo. Basi lilipoondoka, Olga alichukua kitenge cha njano chenye mbayuwayu, kilichokuwa mezani kikisubiri kushonwa gauni la mtu, akajitupia mabegani, akatunga wimbo pale pale. Ni wimbo wa maneno machache: jina la msafiri, kisha anaambiwa asiogope, chini yake kuna watu. Hauna mwisho. Ukifika ulipodhani umeisha, unakuta uko mwanzoni. Koo lilipochoka, alimvisha kitenge mwimbaji mwingine wa korali, naye akaendeleza, na hivyo hivyo kitenge kikatembea kutoka bega hadi bega kwa siku mbili na kupita, watu wakipokezana huku wanatwanga, wanafua, wanachota maji, mpaka shangazi alipotuma ujumbe kwamba wamekanyaga Sydney. Olga hakuwa amefumba jicho. Ili aonyeshe kwamba bado ni mzima, alirudi kwenye cherehani siku hiyo hiyo, na sindano ikapita katikati ya ukucha wa kidole chake cha shahada. Alama iko mpaka leo, na bahati mbaya kuna mtu alimsimulia Lucie.

Kuanzia hapo ikawa desturi. Kila mtu wa Asubuhi Njema aliyesafiri alibebwa. Gakiza, kijana wa Kirundi aliyekuwa akiimba sauti ya tenori, alibebwa mpaka Winnipeg, Kanada. Antoinette na dada zake wawili walibebwa mpaka Adelaide. Hata jirani mmoja ambaye kanisa alilijua kwa kulipita tu alikuja usiku wa mwisho kuomba abebwe, akabebwa, ingawa waliombeba walilalamika kwamba huyo alikuwa mzito. Na desturi ilipokua ikaota masharti. Aliyevaa kitenge haongei, hata nyumba ikiwaka. Anaimba tu, au anampa mwenzake. Kitenge hakivuliwi kikawekwa chini mpaka habari ya kufika ije. Na wimbo hauimbwi bure. Lucie aliwahi kuomba kwa simu aimbiwe kidogo tu, ausikie, maana kila mtu anamsimulia. Olga alikataa katakata: ule si wimbo wa mtu aliye chini.

Utaona kwamba katika safari zote hizo hakuna aliyehitaji kupiga hesabu. Kila ndege iliondoka hapa hapa, kwa saa za hapa. Mwanzo waliujua kwa macho na mwisho waliujua kwa simu. Ni jambo dogo, lakini likumbuke.

Mwaka huu Lucie akasema anakuja. Sasa ni mtu mzima, anahudumia wazee kwenye makao yao huko Sydney, ana pasi ya kusafiria ya kwake, na kilichomchelewesha miaka yote hiyo si kazi. Ni ndege. Mara tatu alitangaza kwamba anakuja na mara tatu akaghairi, moyo ukishindwa kila alipofikiria bahari ile yote chini ya miguu yake. Mama yake ndiye aliyemaliza mjadala. Alimwahidi upya: njoo, tutakubeba kama tulivyokubeba ulipokwenda, hakuna hata dakika moja utakayokaa hewani mtupu. Lucie akasema kama ni hivyo, sawa. Wiki iliyofuata alituma picha ya tiketi.

Olga aliisoma tiketi jinsi alivyokuwa akisahihisha daftari, kwa kidole, mstari kwa mstari. Kuondoka Sydney, saa nne asubuhi, siku ya Ijumaa. Kufika Johannesburg, saa kumi alasiri, Ijumaa hiyo hiyo. Kulala Johannesburg. Jumamosi asubuhi kupanda ndege ya Lilongwe. Akahesabu kutoka saa nne mpaka saa kumi, akapata mwendo wa saa sita. Akahesabu tena kwa vidole vya mkono mwingine, ikawa saa sita.

Furaha aliyoipata hapo nashindwa kuieleza vizuri. Miaka tisa alikuwa akilala akijua mtoto wake yuko mwisho wa dunia, mahali ambapo watu husafiri siku mbili kufika. Kumbe ni mwendo wa saa sita, sawasawa na basi la kwenda Mzuzu, hapa hapa Malawi! Alimwandikia Lucie hesabu yake, kisha akatoka barazani akawatangazia waliopita. Jioni kwenye mazoezi akaitangazia korali, na korali ikashangilia, kwa sababu mwendo wa saa sita unabebwa kati ya kifungua kinywa na chakula cha jioni na hakuna atakayekesha.

Aliyeleta ubishi ni Papa Jean-Baptiste, besi wa korali, mkaanga mandazi, mtu mwenye tumbo kubwa na mashaka mengi. Aliuliza Australia imesogea lini. Lucie alipokwenda si zilikuwa siku mbili? Olga akamjibu kwamba zamani simu zilikuwa na vitufe na leo watu wanapangusa kwa kidole. Au anafikiri kila kitu kinakwenda mbele isipokuwa ndege? Jean-Baptiste akasema yeye hana shida, anauliza tu. Olga akamwambia kuuliza kwake kumeshusha noti ya wimbo. Watu wakacheka, hoja ikafa.

Wiki hiyo Olga alipanda minibasi akaenda Lilongwe, Old Town, kununua kitambaa cha sare mpya za kumpokelea mtoto. Mwenye duka, Mhindi mmoja mzee aliyemzoea, alimwuliza sherehe ni ya nini. Olga akamweleza yote, na mwendo wa saa sita akautia chumvi kidogo ukawa "kama sita hivi, au tano." Mzee yule ana watoto London na Toronto. Alifungua mdomo, akaufunga, akakata kitambaa. Olga akadhani ni wivu.

Alhamisi usiku alizima simu ili chaji isiishe, akalala mapema, akalala fofofo. Ijumaa aliamka koo likiwa limetulia vizuri, akaoga, akavaa sare mpya. Saa mbili asubuhi aliwasha simu ampigie Lucie, amtie moyo kabla hajapanda. Simu ya Lucie ilikuwa imezimwa. Olga akasema moyoni kwamba watu wa uwanja wa ndege nao wana haraka, wanawazimisha watu simu mapema hivyo, akaizima ya kwake pia kutunza chaji. Korali ilikusanyika barazani, wengine kwenye viti, wengine kwenye mkeka, sombe ya majani ya muhogo ikichemka nyuma ya nyumba. Saa nne kamili Olga alijitupia kitenge cha mbayuwayu mabegani, akafumba macho, akaanza. Alimwita mwanawe kwa jina, akamwambia asiogope, chini yake kuna watu.

Alikuwa kwenye mzunguko wa tatu au wa nne alipofika Vainqueur. Huyu ni fundi wa simu, ana kibanda chake hatua chache kutoka hapo, mtu wa ndevu na maneno ya upole. Alikuwa amesikia habari ya ndege akaona awafurahishe: kwenye simu yake kuna ramani inayoonyesha ndege zote zilizo angani, kila moja mahali ilipo. Alikuja ameinua simu juu, anatabasamu. Tabasamu likaanza kupungua alipofika barazani.

"Mama Lucie," alisema, "iyi ndege haikuruka sasa. Iliruka usiku, saa nane, wakati tulikuwa tunalala. Angalia: Australia njo hii, Afrika njo hii. Imekwisha kupita katikati zamani."

Olga alikuwa na kitenge mabegani. Hakuweza kuuliza kitu. Aliimba huku macho yamemtoka, akimwonyesha Vainqueur kwa mikono aeleze, aeleze zaidi, upesi. Vainqueur akaeleza. Tiketi inaandika kila uwanja kwa saa za uwanja wenyewe. Jua linawafikia wale kwanza. Kwao ikiwa saa nne asubuhi, Malawi ni saa nane usiku. Kutoka Sydney mpaka Johannesburg ni kilomita kama elfu kumi na moja, karibu zote bahari tupu, ndege ikipita kusini kabisa kuelekea kwenye barafu, na mwendo wake ni saa kumi na nne. Si sita. Saa nane nzima zilikuwa zimekwisha kwenda.

Sauti ya Olga ilitetemeka lakini haikukatika. Machozi yalimtoka, yakateremka mashavuni, yakaingia mdomoni pamoja na jina la mtoto wake. Alikuwa ameahidi dakika zote. Ametoa nguzo mikononi mwa mtoto mara ya kwanza, na mara ya pili amemtoa nyumbani kwake Sydney, kwa ahadi ile ile. Na usiku kucha, wakati Lucie yuko juu ya bahari ameshikilia mikono ya kiti, yeye alikuwa Dzaleka anakoroma. Kila mtu barazani alilielewa hilo, na hakuna aliyejua pa kutazama.

Isipokuwa Jean-Baptiste. Yeye alisema, polepole, kwamba si aliuliza?

Olga alichomoa chaki ya ushonaji mfukoni akamtupia. Ilimpata kwenye paji. Kisha, bila kukata wimbo, alimwendea, akavua kitenge na kumvisha yeye, na kwa kuwa masharti ni masharti, Jean-Baptiste ilimbidi afunge mdomo wa maneno na kufungua wa wimbo. Besi ikaanza kunguruma. Sasa Olga aliweza kusema, na alichosema cha kwanza ni kwamba yeye ni mjinga. Cha pili, Vainqueur amnunulie bando, ajaribu kumtumia mtoto neno la kuomba msamaha, alikute akitua.

Simu iliwashwa, bando likaingia, na kabla Olga hajaandika herufi moja, ikaanza kulia. Ujumbe wa sauti. Mwingine. Mwingine tena. Ilitetemeka mezani mpaka ikagusa mkasi. Vainqueur akafungua wa kwanza, uliotumwa usiku, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Lucie, nyuma yake tangazo la uwanja wa ndege.

"Mama, niko ku mlango ya ndege. Niliona hesabu yako ya saa sita, nikacheka mpaka bantu bakanigeukia. Sikukukosoa, sababu ningekuambia ukweli usingelala, na kile kidole chako sijakisahauka. Nimeita Gakiza, nimeita na bale ba Adelaide. Bao njo bataanza. Weye lala, mama. Ikifika saa ine ya kwenu, utapokea."

Jean-Baptiste alikuwa akiimba shingo ameipinda upande wa simu ili asikose kitu. Vainqueur akafungua unaofuata. Ulikuwa wimbo. Gakiza alikuwa anaimba kutoka Winnipeg, ambako ilikuwa bado jioni ya Alhamisi na watu ndio kwanza wanatoka kazini. Nyuma yake zilisikika sahani, mtoto mmoja, na sauti nyingi ambazo Olga hakuzijua. Katikati alimpa mwenzake zamu, akaeleza haraka kwamba kitenge hawana, wanatumia skafu yake ya baridi, na kwamba wapo tisa, wengine wametoka kambi za nchi nyingine na Malawi hawajawahi hata kuiona, lakini wimbo wamefundishwa. Ukafuata mwingine na mwingine, Winnipeg mpaka usingizi ulipowashinda, halafu Adelaide, ambako ilikuwa mchana mwangavu. Antoinette na dada zake walikuwa wakipokezana taulo la jikoni. Ujumbe wa mwisho ulikuwa umetumwa saa nne kamili asubuhi hiyo, dakika ile ile Olga alipofumba macho akaanza. Antoinette alikuwa amekaukwa na sauti.

"Mama Lucie, saa yenu imefika. Hatukuachia hata padogo. Shika mutoto wako."

Olga alikaa chini. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, sare mpya na yote, akacheka huku analia mpaka miwani ikaanguka. Alikuwa na furaha ambayo haikumwachia nafasi ya kuona haya. Miaka tisa alikuwa akiwasindikiza watu na kubaki, na kila kitenge kilipovuliwa alihisi korali imepungukiwa na mtu. Alidhani wanapotua ndiyo basi tena. Australia ilikuwa imerudi mbali, mbali kuliko Mzuzu mara nyingi, lakini sasa alijua kuna watu wake wamesimama njiani kote.

Waliibeba ndege mpaka saa kumi alasiri. Jean-Baptiste alikataa kabisa kutoa kitenge kwa muda mrefu, akaimba mpaka jasho likalowesha mbayuwayu wote, na alipokubali kukitoa alisema kwa kweli wimbo huu ni mzuri, hajui kwa nini miaka yote alikuwa akipewa zamu ya alfajiri. Ujumbe ulipoingia ulikuwa na neno moja: nimekanyaga. Sombe ililiwa usiku ule na watu ambao hakuna aliyewaalika.

Jumamosi walikodi minibasi kwenda uwanja wa ndege, Olga, Jean-Baptiste, Vainqueur na nusu ya korali. Johannesburg na Lilongwe zinatumia saa zile zile. Vainqueur alithibitisha mara mbili, na Olga akamwambia athibitishe ya tatu. Safari yenyewe ni mwendo wa saa mbili na kidogo. Ndege iliporuka kule, Olga alivaa kitenge humo humo ndani ya minibasi, na safari hii hakumpa mtu. Aliimba kwenye barabara ya Dowa, akaimba wakikata kona ya Lumbadzi, akaimba akipita mbele ya askari wa mlangoni, ambaye alimsimamisha akamwuliza anaumwa nini. Jean-Baptiste alimweleza kwa Kichewa chake cha mandazi. Askari alisikiliza, akaangalia juu, akasema zikomo, yaani asante, na akawaonyesha mahali pazuri pa kusimama.

Abiria walianza kutoka. Lucie alikuwa karibu wa mwisho, nywele fupi, amenenepa kidogo, anavuta sanduku lenye gurudumu moja bovu. Mama yake alimtambua kwa mwendo kabla hajamwona uso. Na hapo ndipo ilipozuka shida ambayo hakuna aliyekuwa ameifikiria. Siku zote kitenge huvuliwa ujumbe wa kufika unapoingia, naye msafiri yuko ng'ambo ya dunia. Sasa msafiri alikuwa hapa, anakuja mbio, na Olga ana kitenge mabegani na mdomo umejaa wimbo. Nani avue? Jean-Baptiste akaamua kwamba ni haki ya aliyebebwa.

Lucie alifika akamkumbatia mama yake, wakayumba pamoja, nusura waanguke juu ya sanduku. Kisha akashika ncha mbili za kitenge. Olga alikuwa na maneno ya miaka tisa yamepanga foleni: umekula, nani alikukata nywele hizi, shangazi yako anaendeleaje na mguu. Aliimba huku macho yakimhimiza mtoto afanye upesi. Lucie hakuvua. Alizikutanisha zile ncha mbili chini ya kidevu cha mama yake, akapiga fundo.

Jean-Baptiste alimkumbusha kwamba amefika, na kwamba ule si wimbo wa mtu aliye chini.

"Sijafika bado, Papa Jean-Baptiste," Lucie alisema. "Nitafika Dzaleka. Gakiza anaijua hii nyimbo, Antoinette anaijua, na bale ba Winnipeg. Ilitungwa juu yangu, na miye njo sijaisikiaka hata siku moja. Bakiimbaka, miye niko yulu."

Ilikuwa kweli, na hakuna aliyewahi kuliwaza: anayebebwa ndiye pekee asiyesikia. Walipanda minibasi. Lucie aliketi kiti cha dirishani, akalaza kichwa kwenye bega la mama yake, juu ya mbayuwayu, na Olga akaimba. Aliimba polepole kuliko siku zote, jina la mwanawe akilivuta, na kwa kuwa hakuweza kuuliza kwa mdomo aliuliza kwa mikono: alimpima kiuno, akampima mabega, akamgeuza uso kwenye mwanga kama kitambaa kinachotafutwa kasoro. Nyuma yao korali iliitikia chini chini. Lumbadzi ikapita, mashamba yakapita, watu wa kabaza wakageuza baiskeli zao za abiria kutazama minibasi linaloimba.

Fundo lilifunguliwa mbele ya baraza, karibu na nguzo ile ile. Lucie alilifungua mwenyewe, akakunja kitenge vizuri, akakiweka juu ya cherehani. Watu walisubiri wasikie Mama Lucie ataanza na neno gani baada ya miaka tisa na kilomita zote hizo.

"Ulilala kidogo mu ndege?"

"Nililala yote, mama," Lucie akasema. "Tangu iruke mpaka batuamshe. Nilijua kuna muntu anaimba."